Uzi: Mstari ni wa kweli, fundisho ni la uongo. Tunalipimaje?

Wakala wa Nkuhungu:

Mbukwenyi wakuu.

Kila mada ya manabii wa uongo ikiletwa humu inaishia kwenye majina. Huyu frimasoni, yule tapeli, wewe mleta mada umetumwa na fulani. Leo majina nayaweka pembeni, nataka tujadili fundisho lenyewe. Tapeli akihama mji, fundisho lake linabaki vichwani mwa watu, na mwingine anakuja kuliokota palepale.

Hapa Dodoma sijawahi kumsikia mhubiri anayesema Yesu si Bwana. Nimewasikia wengi wanaosoma mstari uliopo kabisa kwenye Biblia, kitabu kiko wazi mkononi, halafu wanakifunga kabla hawajafika pale panapowakana. Kwa hiyo kipimo changu cha kwanza ni cha mtu wa kawaida asiye na digrii: soma sura nzima.

Nitoe mfano. Nina kibanda cha wakala, na jirani yangu kuna turubai la maombi. Kazi hii inakuonesha upande wa ibada ambao hata wahubiri hawauoni: nani anatuma hela, saa ngapi, na uso ukoje. Wateja siwataji, kazi yenyewe inataka mdomo mzito. Lakini mmoja nitamsimulia bila jina, maana wapo wengi kama yeye.

Ilikuwa Januari, zile wiki mvua inakata na mtama unaanza kukunja majani. Akaja mama mjane na kitochi chake, hajui kutuma mwenyewe. Akanipa nisome meseji. Namba, jina, kiasi, baraka ndefu za mistari minne, na mwisho kabisa: "tuma na ya kutolea". Laki na nusu. Nikamuuliza taratibu, mama, hii ni ada ya mtoto? Akasema ni mbegu, yaani sadaka unayopanda ili uvune baraka, mbegu ya yule mjane wa Sarepta aliyempa nabii Eliya unga wake wa mwisho. Hela yenyewe alikuwa amekopa kwa wale jamaa wa kausha damu, marejesho kila wiki, dhamana godoro na jiko la gesi.

Nikatuma. Hela ni yake. Lakini usiku nilifungua 1 Wafalme 17 nikaisoma kutoka mstari wa kwanza.

Eliya kwenye sura ile hatokei hotelini. Ametoka kujificha kijito cha Kerithi, analetewa chakula na kunguru, na kijito kimekauka kwa sababu ya ukame uleule alioutangaza yeye mwenyewe. Anafika Sarepta ana njaa kama mjane. Anaomba maji na mkate mdogo. Halafu lile ambalo halihubiriwi: pipa la unga halikupunguka tangu pale, na wakala siku nyingi, yule mama, Eliya na watu wa nyumba ile. Nabii alihamia kwenye chumba cha juu cha mjane, akala ugali wa mjane, na mtoto alipokufa alikuwa palepale kumlilia Mungu. Wa kwetu anakaa wapi? Mama hajui hata mtaa. Ana namba ya simu tu.

Nikaendelea na Malaki 3, ile ya "leteni zaka kamili ghalani". Kila mtu anaijua aya ya 10. Ya 5 nani anaijua? Pale Mungu anasema atakuwa shahidi mwepesi juu ya wachawi, wazinzi na waapao kwa uongo, na juu ya wanaomwonea mtu wa mshahara, mjane na yatima. Aya tano tu juu yake. Na ukirudi Kumbukumbu la Torati 14 unakuta zaka ya kila mwaka wa tatu inawekwa malangoni ili Mlawi, mgeni, yatima na mjane wale washibe. Mjane alikuwa kwenye orodha ya wapokeaji!

Basi tufike kwa yule mjane aliyetoa senti mbili, Marko 12. Yesu anamsifu, hilo halina ubishi. Ila sekunde chache kabla ya kumwona alikuwa anawasema waandishi wanaokula nyumba za wajane na kusali sala ndefu kwa unafiki. Na wakitoka tu hekaluni, sura ya 13 mwanzoni, anasema halitabaki jiwe juu ya jiwe. Mwenye macho asome hizo habari tatu kwa mpigo, halafu aniambie kama ile ni ruhusa ya kumkamua mjane.

Nawasilisha. Karibuni, ila njooni na Biblia.

Kinyozi wa Kisasa:

Hahaha "na ya kutolea". Malaika wanashuka bure lakini makato ya mtandao lazima yalipwe.

Ngoja waje wenye mapovu, nipo pale nimekaa.

Mtumishi Ilazo:

Bwana Yesu asifiwe. Mleta mada, nimekusoma hadi mwisho na mapovu sitatoa.

Mimi ni mmoja wa hao mnaowaita watu wa turubai. Tulianza watu wachache sebuleni, leo tuna kiwanja na bati. Naomba niseme mambo ambayo ninyi wa makanisa ya zamani hamyasemi. Bahasha za ahadi mnazo. Michango ya ujenzi, ya dayosisi, ya gari la askofu, ya jubilei, mnayo. Mnada wa mavuno baada ya ibada mnao, jogoo anauzwa bei ya mbuzi na watu wanapiga vigelegele. Kwenu inaitwa uwakili, kwetu inaitwa utapeli. Kwa nini?

Pili, Maandiko hayahayo yanasema "Msimzimishe Roho, msitweze unabii". Nimeona kwa macho yangu walevi wa gongo wakiacha, ndoa zikirudi, watu waliofungwa na nguvu za giza wakifunguliwa. Leso za Paulo zilitolewa mwilini mwake zikawaponya wagonjwa, Matendo 19. Nayo mtasema ni uongo?

Wakala wa Nkuhungu:

Mtumishi, asante kwa kuja na hoja.

Mnada wa mavuno naujua, jogoo wa bei ya mbuzi nimemnunua mimi. Ila aliyekuwa anapiga mnada hakuniambia nisiponunua mwanangu atakufa kabla ya Pasaka, wala kwamba nikinunua nitapata gari. Nilijua natoa, nikatoa, nikaenda kula kuku. Fundisho ninalolisema mimi linauza kitu: ama unanunua muujiza, ama unalipia laana isikupate. Hilo likifanyika kwenye kanisa lenye mnara na kengele ya Mjerumani, ni uongo vilevile. Sina ubaguzi hapo.

Na "msitweze unabii" umeisoma vizuri, sasa malizia: "jaribuni mambo yote, lishikeni lililo jema". Paulo ameziweka pamoja.

Matendo 19 ndiyo umenipa zawadi. Umeishia aya ya 12. Twende mbele. Luka anasema ni miujiza ya kupita kawaida, leso zinapelekwa kwa wagonjwa, bei haitajwi popote. Kinachofuata ni wana saba wa Skewa wanaotaka kulitumia jina la Yesu kama hirizi, wanapigwa na pepo wanakimbia uchi. Halafu wachawi wa Efeso wanachoma vitabu vyao vya thamani ya vipande elfu hamsini vya fedha. Hawakuviuza, wamevichoma! Na sura inafungwa na Demetrio, mfua fedha, anayefanya fujo kwa sababu Injili imeharibu biashara ya vihekalu. Sura nzima inahusu dini na pesa, na kila injili inapopita pesa ya wafanyabiashara wa dini inapungua. Sisi tumechukua leso tu tukazipangia bei.

Binti wa Msalato:

Wakuu salaam. Nasoma theolojia, kwa hiyo mnivumilie kidogo.

Nakubaliana na mleta mada, ila "soma sura nzima" peke yake haitoshi, na historia inatuonesha hivyo. Arius wa Aleksandria hakuwa mtu wa kukata mistari. Alikuwa padri msomi, alijua Maandiko. Alishika Mithali 8 na "Baba ni mkuu kuliko mimi" ya Yohana 14, akafika mahali pa kusema Mwana ameumbwa. Kabla yake Marcion, huko Roma karne ya 2, aliona Mungu wa Agano la Kale hafanani na Baba wa Yesu, akatupa Agano la Kale lote, akabaki na Luka aliyempunguza na barua kadhaa za Paulo. Na huko Marekani kulikuwa na mkulima Mbaptisti, William Miller, aliyesoma Danieli kwa bidii ya miaka hadi wafuasi wake wakasimama Oktoba 22, 1844 kumngoja Bwana. Huyo hakuwa mvivu wa kusoma wala hakuwa mwizi.

Kwa hiyo swali la pili ni: unasoma na nani? Wale Waberoya wa Matendo 17 walikuwa kundi, wakichunguza kila siku, na aliyekuwa anachunguzwa ni Paulo mwenyewe. Mtume hakuwaambia msiguse mpakwa mafuta. Nikea, mwaka 325, maaskofu walikaa wakabishana juu ya fundisho la Arius. Ireneo, askofu wa Lyon, yapata mwaka 180, alikuwa na hoja rahisi kwa wale waliodai wana mafundisho ya siri kutoka kwa mitume: kama mitume wangekuwa na siri, wangewapa watu waliowakabidhi makanisa, na hao wanafundisha hadharani, nenda kawasikilize. Hoja hiyo mimi naiona bado ina meno. Mtu akikuambia Mungu kamfunulia jambo ambalo Wakristo wa miaka elfu mbili hawakulijua, na wewe usiwaambie wa nyumbani, ondoka.

Kuna kitu kingine watu wa hela watakipenda. Kuna kitabu kidogo cha Wakristo wa mwanzo kinaitwa Didake, ni cha zamani sana, wasomi wengi wanakiweka karne ya 1 au mwanzoni mwa karne ya 2. Kilipotea mpaka nakala yake ikaonekana Konstantinopoli mwaka 1873. Wakati huo manabii walikuwa wanazunguka kijiji hadi kijiji, na makanisa madogo yalikuwa na shida hiihii yetu. Maelekezo yake hayana maneno mengi. Mtume anayezunguka akikaa siku tatu, ni nabii wa uongo. Akiondoka apewe mkate wa kumfikisha anakolala. Akiomba fedha, ni nabii wa uongo. Nabii akiagiza meza ya chakula "katika Roho" halafu akala yeye mwenyewe, ni wa uongo pia! Mtu akisema kwa Roho "nipeni fedha", msimsikilize. Lakini akiomba kwa ajili ya wahitaji wengine, mtu asimhukumu.

Kinyozi wa Kisasa:

Dada kula tano. Hapo kwenye kuagiza msosi katika Roho nimecheka hadi mteja kaniuliza kulikoni.

Swali la kijinga: unabii ukitimia je? Maana kuna jamaa alitabiriwa uhamisho, akahamishwa kweli kuja Mtumba, kwenye mji wa serikali hapa Dodoma.

Binti wa Msalato:

Si la kijinga. Biblia ina vipimo viwili na watu wanakijua kimoja. Kumbukumbu 18: lisipotimia, Bwana hakulinena. Lakini Kumbukumbu 13 inatangulia: ishara ikitimia, halafu huyo mtu akakuvuta ufuate miungu mingine, usimsikilize, Mungu anakujaribu. Maana yake kutimia kwenyewe si cheti. Tangu serikali ianze kuhamia Dodoma mwaka 2016, ukiwatabiria watumishi mia uhamisho wa kuja huku utapata ushuhuda tu.

Kasome Yeremia 28, ni ya kusisimua kuliko tamthilia. Hanania anatabiri hekaluni mbele ya makuhani: ndani ya miaka miwili vyombo vya nyumba ya Bwana vitarudi kutoka Babeli, nira imevunjwa. Watu wanataka kusikia hicho. Yeremia anajibu "Amina", natamani iwe hivyo. Hanania anaivua nira ya mti shingoni mwa Yeremia, anaivunja mbele ya watu. Yeremia anaondoka zake bila neno. Fikiria aibu. Baadaye ndipo Bwana anasema naye, na Hanania anakufa mwaka uleule. Sura inayofuata Yeremia anawaandikia wa uhamishoni: jengeni nyumba, pandeni bustani, ozeni watoto, ni miaka sabini. Nani angejaza turubai kwa ujumbe wa miaka sabini?

Mkatekista Mstaafu:

Tumsifu Yesu Kristo.

Vijana mnajadili vizuri. Mimi ni mzee wa Bahi. Kwetu Wakatoliki suala la kupima mafundisho lina mahali pake, kuna Maandiko, Mapokeo na mamlaka ya kufundisha, sitalirefusha maana humu mtaanza ya Luther na 1517.

Nitasema la kijijini. Waumini wangu walikuwa wanahudhuria misa asubuhi na mchana wanajifunika kanga wanakwenda kwenye maombi. Nilikuwa nawaona. Padri alipokuwa akikemea altarini, walizidi kwenda. Siku moja nilimuuliza bibi mmoja kwa nini, akaniambia: "Mwalimu, kule wananiuliza ninaumwa wapi." Tangu hapo sikukemea, nilianza kutembelea wagonjwa.

Lakini kule alikoulizwa anaumwa wapi, alijibiwa pia nani anayemuumiza. Hilo ndilo fundisho la uongo ninaloliogopa kuliko la mbegu. Mhubiri anafumba macho anasema: naona mwanamke mrefu, mweusi, nyumba yake inatazama magharibi, ana kuku mweupe. Kijijini kila mtu anamjua ni nani! Mama mkwe, shangazi, jirani. Nimezika kikongwe ambaye hakuna mtoto aliyemsogelea miaka yake ya mwisho kwa sababu ya maono ya namna hiyo. Na wanafunzi walimuuliza Yesu swali hilohilo katika Yohana 9, ni nani aliyetenda dhambi, huyu au wazazi wake, hata azaliwe kipofu. Jibu lake mnalijua: si huyu wala wazazi wake. Hakumtaja jirani.

Mama Ipagala:

Mzee shikamoo. Umenigusa.

Mimi ni muuguzi, kituo sitakitaja. Nakubali ya fedha na ya uchawi, ila naona hata kipimo cha fedha hakitoshi. Mnakumbuka 2011? Samunge, Loliondo, kikombe cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile. Bei ilikuwa shilingi 500. Mia tano! Kwa Didake ya mdogo wangu wa Msalato, yule babu angepita karibu bila kuguswa, hakuishi kitajiri. Lakini wagonjwa walitolewa wodini kupelekwa foleni, na kuna waliotupa dawa za VVU wakiamini kikombe kimemaliza. Watu wa dini zote walikwenda, wakubwa kwa wadogo, hakuna wa kumcheka mwenzake.

Na Shakahola, Kenya, 2023. Pale watu walifundishwa kufunga hadi kufa ili wamwone Yesu, miili zaidi ya 400 ikafukuliwa msituni. Hapa kwetu Moshi, Februari 1, 2020, watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakiwahi kukanyaga mafuta ya upako.

Kwa hiyo kipimo changu mimi ni hiki: aliyetangaziwa kupona anaruhusiwa kwenda kupima? Basi. Wagonjwa wa presha wanakuja wamezimia, ukiuliza wanasema niliambiwa nikimeza kidonge nimemkana Mungu. Yesu alipowatakasa wale kumi wenye ukoma, Luka 17, aliwaambia waende wakajioneshe kwa makuhani. Walawi 13 na 14 ukisoma, kuhani ndiye aliyekuwa anakagua ngozi, nywele zimegeukaje, doa limeenea au la, na mtu anarudiwa baada ya siku saba. Ni vipimo kabisa. Bwana hakuogopa muujiza wake ukaguliwe. Mtumishi Ilazo, kwenu mnawaambiaje watu wa dawa?

Mtumishi Ilazo:

Dada, kwetu tunawaambia endelea na dawa mpaka daktari aseme acha. Nilishamtoa mtu madhabahuni aliyekuwa anatangaza vinginevyo. Hilo nalisema bila kupepesa macho.

Mzee wa Bahi, la kutaja majirani nami nalichukia. Tatizo mtu akitoka kwa mganga anataka kwako apate kilekile alichokuwa anapata kwa mganga, usipompa anaona huna upako, anahama. Mnatusema sisi, waumini hamuwasemi. Paulo alimwambia Timotheo watu "watajipatia waalimu makundi makundi", yaani wao ndio wanaowatafuta. Wateja ndio wanaozalisha bidhaa.

Mzee wa Sabasaba:

Mnazunguka tu. Serikali ifute usajili wa haya makanisa ya mifukoni, kila nyumba ya tatu spika. Walete na vyeti vya theolojia kama walivyofanya Rwanda.

Wakala wa Nkuhungu:

Mzee, spika za usiku niko na wewe asilimia mia. Lakini Msajili wa Jumuiya anaangalia katiba ya jumuiya, viongozi, hesabu. Hawezi kukaa ofisini akaamua Malaki imehubiriwa sawasawa au la. Katiba ya nchi yenyewe, ibara ya 19, imeweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Wizi, mauaji, kumzuia mtoto hospitali, hayo yana polisi. Fundisho tutalipima wenyewe. Na vyeti, Arius alikuwa msomi, dada kashasema.

Mtumishi, la waumini umepiga penyewe. Yule mama wa laki na nusu hakulazimishwa kwa bunduki. Alikuwa na mtoto anayefukuzwa ada na shamba linakauka, akaambiwa kuna mlango.

Mtumishi Ilazo:

Sawa. Basi nijibu moja la mwisho, maana hili ndilo ninalolihubiri mwenyewe na nataka kujua nasimama wapi. 2 Wakorintho 9:6, "apandaye haba atavuna haba, apandaye kwa ukarimu atavuna kwa ukarimu". Hiyo mbegu hiyo. Haijakatwa na mtu, ipo.

Binti wa Msalato:

Baba mchungaji, kwa heshima, ianzie sura ya 8.

Huo ni mchango wa kuwasaidia Wakristo maskini wa Yerusalemu. Paulo anachangisha Wamakedonia na Wakorintho kwa ajili ya watu wengine, kwenye mfuko wake haiingii. Na hata hivyo hakubali kuibeba peke yake: 8:18 hadi 21 anatuma na ndugu aliyechaguliwa na makanisa asafiri na mchango huo, ili mtu asije akawalaumu kuhusu hiyo karama, wafanye yaliyo mema mbele za Bwana na mbele za wanadamu pia. Mweka hazina anayechaguliwa na wengine, karne ya 1.

Aya ya 7 ya sura yako ya 9, moja tu chini ya mbegu: kila mtu kama alivyokusudia moyoni, "si kwa huzuni, wala si kwa lazima".

Lakini ile ninayotaka uione ni 8:12. Nia ikiwepo, toleo linakubaliwa kwa kadiri ya alicho nacho mtu, si kwa kadiri ya asicho nacho. Mkopo wa kausha damu ni asicho nacho. Na 8:13 anaongeza: sisemi hivi ili wengine wapate raha na ninyi mpate dhiki.

Mama Ipagala:

Mimi hiyo 8:12 naiandika ukutani.

Mtumishi Ilazo:

Nimeifungua. Nimeisoma mara mbili. Nimehubiri sura ya 9 miaka mingi na ya 8 nilikuwa naipita kama utangulizi.

Mbegu sitaacha kuihubiri, niseme ukweli, naiamini. Mungu habaki na deni la mtu. Ila la kukopa ili kutoa nitalikataza kwa jina, Jumapili hii, na 8:12 nitaisoma. Kuhusu mweka hazina, tunaye, ni mke wangu. Najua mtakachosema.

Kinyozi wa Kisasa:

Hatujasema kitu mtumishi 😂

Wakala wa Nkuhungu:

Tunakuja Jumapili, mimi na wengine wawili watatu. Ibada saa ngapi?

Mtumishi Ilazo:

Ya pili inaanza saa nne, Ilazo, ukipita kwenye bomba la maji uliza kanisa la bati jipya. Maswali baada ya ibada, nje, kwenye benchi. Msinihoji wakati wa mahubiri.

Mkatekista Mstaafu:

Mimi siku hiyo nina misa. Lakini mniandikie mtakayoulizana, na huyo mama wa mkopo, kama bado anadaiwa, aliye karibu naye aniambie kwa ujumbe wa ndani. Parokiani kwetu tuna mfuko wa wajane, na haubagui dhehebu.